Kabla ya Bando Kulikuwa na Redio: Historia ya Masomo ya Mbali, Ukiitazama Kutoka Mbingu

Leo naomba tuongelee jambo ambalo watu wa mjini wanalizungumza kama vile limezaliwa jana: kusoma kwa njia ya mtandao. Ukiwasikiliza wataalamu wetu wa makongamano, utadhani kabla ya corona hakuna Mtanzania aliyewahi kufundishwa na mwalimu asiyemwona kwa macho.

Si kweli hata kidogo. Na mahali pazuri pa kuthibitisha hilo ni mbali na Mlimani na Posta Mpya. Ni Mbingu.

Kwa wasioijua, Mbingu iko Bonde la Kilombero, mkoani Morogoro, chini ya milima ya Udzungwa, ukitoka Ifakara kuelekea Mlimba. Jina lisikuchanganye. Kwenda Mbingu hii huhitaji kufa, unahitaji tiketi ya TAZARA tu, maana treni inasimama pale. Watu wanalima mpunga na kakao. Masika ikikolea, bonde linajaa maji, na barabara ya udongo inageuka kuwa kitu kingine kabisa. Sasa mahali kama hapa, ambapo mwalimu, daktari na afisa kilimo wote wanatoka mbali, kujifunza kwa mbali hakuwezi kuwa fasheni. Mara nyingi ndiyo njia pekee iliyopo.

Haya, tuanze mwanzo.

Masomo ya mbali yalizaliwa na stempu. Mwaka 1840 Uingereza ilianza kutuma barua kwa stempu ya peni moja, nchi nzima bei moja. Mwaka huo huo Isaac Pitman akaanza kufundisha hati mkato kwa posta: mwanafunzi anaandika zoezi kwenye kadi, analituma, linarudi limesahihishwa. Mwaka 1858 Chuo Kikuu cha London kikafungua mitihani yake kwa watu wasiosoma pale London. Ndiyo njia ambayo baadaye Mandela aliitumia kusomea sheria akiwa gerezani Robben Island. Angalia mtiririko huo: kwanza kusafirisha ujumbe kukawa rahisi, ndipo elimu ikapanda juu yake. Stempu ya peni moja ndiyo ilikuwa bando la wakati ule.

Kwetu huku, makarani na walimu wa enzi za mkoloni walijiendeleza hivyo hivyo, kwa vyuo vya posta vya Uingereza kama Wolsey Hall cha Oxford na Rapid Results College. Ukibahatika kukuta sanduku la babu aliyekuwa karani, usishangae ukikuta humo madaftari ya masomo yaliyovuka bahari.

Baada ya Uhuru, watu wa biashara ndio waliotangulia, tena biashara ya wakulima. Chuo cha Ushirika Moshi kilianza mwaka 1963, na mwaka uliofuata kikaanzishwa Kituo cha Elimu ya Ushirika kilichofundisha makatibu na wajumbe wa vyama vya ushirika kwa masomo ya posta. Sababu yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Chama cha ushirika kina mizani, kina daftari la hesabu, kina pesa za watu. Karani asipojua kuandika hesabu, mkulima analizwa. Huwezi kuwafungia makarani wote wa nchi Moshi kwa miaka miwili, kwa hiyo Moshi ikawafuata kwa barua.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima nayo ikaanzisha elimu kwa njia ya posta kwa wananchi wote, kwa msaada wa Sweden. Wakati huo huo reli ya TAZARA ilikuwa inajengwa. Ujenzi ulianza mwaka 1970, na mwaka 1976 reli ikakabidhiwa rasmi, kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Wanasiasa walisifia shaba ya Zambia. Lakini kwa vijiji vya bondeni treni ilikuwa na maana ya ziada: gazeti, barua na kifurushi vilipata njia ya kufika hata masika.

Sasa tuje kwenye redio, maana hapa ndipo penye utamu.

Mwaka 1967 takriban watu wazima 67 katika kila 100 walikuwa hawajui kusoma wala kuandika. Mwalimu Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kabla ya hapo, 1969, Taasisi ilikuwa imejaribu kitu kidogo kwenye redio kilichoitwa "Kupanga ni Kuchagua", kuhusu Mpango wa Pili wa Maendeleo. Ikafuata "Uchaguzi ni Wako" mwaka 1970, kisha "Wakati wa Furaha" mwaka 1971, nchi ilipotimiza miaka kumi ya Uhuru. Kila mara walikuwa wanajifunza namna ya kufundisha kwa mbali. Mwaka 1973 wakatoa mzigo wenyewe: "Mtu ni Afya".

Wadau, hebu tuone ilivyofanya kazi, maana wengi wetu tunaikumbuka kama jina tu. Kwa wiki 12, watu walikusanyika kwenye vikundi. Kila kikundi kilikuwa na redio, vitabu vidogo vya masomo, na kiongozi aliyepewa mafunzo mafupi. Viongozi hao walikuwa makumi ya maelfu nchi nzima. Kipindi kinarushwa na Radio Tanzania, watu wanasikiliza. Kisha kiongozi anasoma kwenye kitabu, maana wengi hawajui kusoma. Halafu wanajadili: sisi hapa malaria inatupataje? Maji yetu tunayachota wapi? Mwisho wanakubaliana cha kufanya wiki hiyo. Takriban watu milioni 2 walishiriki. Nyasi zilifyekwa, madimbwi yakafukiwa, vyoo vikachimbwa kwa mamia ya maelfu.

Huu ulikuwa mwaka 1973, hakuna simu ya mkononi wala kompyuta. Tena mwaka uliofuata, 1974, serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Ndiyo, umesoma sawasawa. Kompyuta ya kwanza ilikuwa imefungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, mambo yakaenda kombo, hasara ikaonekana kubwa, basi mlango ukafungwa. Ulifunguka taratibu sana, hadi kufikia miaka ya 1990. Kwa hiyo nchi iliyokuwa mfano kwa Afrika katika kufundisha watu milioni 2 kwa mbali, ndiyo hiyo hiyo iliyojifungia nje ya chombo ambacho kesho yake kingebeba masomo ya mbali. Historia ina utani wake.

Kufikia mwaka 1977 wasiojua kusoma walishuka hadi takriban 27 katika kila 100. Mwaka 1986 walikuwa karibu 10. Si redio peke yake iliyofanya hivyo, madarasa ya ngumbaru ndiyo yaliyobeba mzigo mkubwa. Lakini redio na kikundi vilikuwa sehemu ya moto ule ule.

Halafu likaja jaribio kubwa zaidi, na hili limegusa karibu kila familia ya Tanzania. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kila mtoto aingie darasa la kwanza. Walimu wako wapi? Hawapo. Vyuo vya ualimu vingehitaji miaka mingi kuwatoa. Basi kuanzia mwaka 1976 vijana takriban 45,000 waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa, wakapewa madarasa vijijini, na kufundishwa ualimu kwa miaka mitatu huku wakifundisha. Asubuhi mwalimu, mchana mwanafunzi. Masomo yalikuja kwa maandishi na kwa redio, na kila kundi lilikuwa na mkufunzi aliyewazungukia. Mwishoni walikwenda chuoni kwa wiki chache tu. Hao ndio "walimu wa UPE".

Tuliwacheka sana. Miaka thelathini baadaye tukawacheka na wenzao wa shule za kata, tukawaita "Voda Fasta". Lakini tathmini iliyofanyika baadaye, ikilinganisha walimu wa UPE na wale waliosoma chuoni, haikukuta pengo kubwa kama tulivyopenda kuamini. Walikuwa na udhaifu, ndiyo, hasa katika kuyajua masomo yenyewe. Lakini tujiulize kwa haki: kama wasingekuwepo, wewe uliyesoma kijijini mwishoni mwa miaka ya 1970 ungefundishwa na nani?

Sasa nisimame kidogo niseme ninachokiona. Chungu hukaa juu ya mafiga matatu. Elimu ya mbali nayo ni hivyo. Figa la kwanza ni somo kufika: stempu, redio, treni. Figa la pili ni mtu wa karibu: kiongozi wa kikundi, mkufunzi wa mzunguko, mwenzako mnayesoma naye. Figa la tatu ni faida inayoonekana: cheti, ajira, choo kilichokamilika, hesabu za ushirika zisizoibwa. "Mtu ni Afya" ilikuwa na yote matatu. UPE ilikuwa nayo yote, hata kama figa moja lilikuwa dogo. Shikilia hapo hapo, tutarudi.

Miaka ya 1990 ilikuja na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Sheria yake ilipitishwa mwaka 1992, kikazinduliwa Januari 1994, mkuu wa chuo wa kwanza akiwa Mzee John Malecela na makamu wake Profesa Geoffrey Mmari. Kundi la kwanza lilikuwa wanafunzi 766. Mwalimu, askari au nesi aliyeko Kilombero aliweza kusoma shahada bila kuacha kazi wala familia. Lakini hapa figa la pili likaanza kuyumba. Vituo vilikuwa makao makuu ya mikoa. Kwa mtu wa Mbingu, kwenda Morogoro kuonana na mhadhiri ni safari ya siku, nauli na malazi. Wengi walianza, wengi wakachukua miaka mingi kuliko walivyopanga, na wapo walioishia njiani. Chuo kikuu kiliweza kufungua mlango, lakini hakikuweza kumpunguzia mtu kilometa.

Teknolojia nayo ikaanza kukimbia. Simu za mkononi ziliingia nchini mwaka 1994. Intaneti ikafuata muda mfupi baadaye, kwa njia ya setilaiti, ghali na ya kusuasua. Mwaka 1997 Benki ya Dunia ikaanzisha mradi wa Chuo Kikuu cha Afrika cha Mtandao, na Mlimani ikawa mshiriki. Mwaka 2000 Dar ikapata kituo cha mafunzo kwa mikutano ya video, ambacho mwaka 2008 kilikuwa wakala wa serikali, TaGLA. Mameneja na maafisa wakakaa mbele ya skrini wakijadiliana na wenzao wa nchi nyingine. Kenya, kuanzia mwaka 2005, AMREF ikaanza kuwapandisha wauguzi kutoka cheti hadi stashahada kwa masomo ya kompyuta, wakiwa kazini kwao. Huo wa wauguzi naupenda zaidi, kwa sababu uliwafuata watu walipo.

Julai 2009 waya wa SEACOM ukafika pwani yetu kupitia baharini, na mwaka 2010 ukafuata EASSy. Serikali ikajenga mkongo wa taifa. Minara ikasogea vijijini, mingine kwa ruzuku ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, uliowekwa na sheria ya mwaka 2006. Vijana wa hapa hapa wakaanza kutengeneza masomo yetu wenyewe: Shule Direct ya Faraja Nyalandu mwaka 2013, kisha Ubongo Kids kwenye televisheni Januari 2014, hesabu kwa katuni na nyimbo za Kiswahili. Figa la kwanza likawa kubwa kuliko wakati wowote katika historia yetu.

Ndipo ikaja Machi 2020. Tarehe 17 shule zikafungwa kwa sababu ya corona, na vyuo navyo vikafuata. Masomo yakahamia redioni na kwenye televisheni, Taasisi ya Elimu ikaweka vitabu mtandaoni, shule za kulipia za mjini zikatuma kazi kwa WhatsApp na kufundisha kwa video. Vyuo vikuu na kidato cha sita walirudi Juni 1, wengine Juni 29. Sisi tulikaa nje miezi kama mitatu na nusu. Wenzetu Uganda shule hazikurejea kikamilifu hadi Januari 2022.

Miezi hiyo ilitupa picha halisi. Mtoto wa Masaki alibadilisha darasa. Mtoto wa kijijini alipata likizo, na Machi mpaka Mei bondeni ni msimu wa mpunga, kazi ipo. Simu ya nyumbani ni moja, ni ya baba, na inaondoka naye. Tena tusisahau kwamba shuleni tunamchapa mtoto akikutwa na simu, halafu ghafla tukamwambia simu ndiyo shule.

Na kwenye biashara je? Hapa Mbingu ina hadithi ambayo watu wengi hawaijui. Mwaka 2013 kampuni ya Kokoa Kamili ilianza kununua kakao mbichi kwa wakulima wa eneo hilo na kuivundika yenyewe kwa ustadi. Leo ukiingia kwenye ukurasa wa watengenezaji chokoleti wa San Francisco waitwao Dandelion, utakuta chokoleti yenye jina Kokoa Kamili, Tanzania. Mlaji wa California anaweza kusoma kwa simu yake jinsi kakao ya Kilombero inavyovundikwa na kuanikwa. Swali langu ni hili: je, mkulima wa Mbingu naye anaweza kusoma, kwa Kiswahili, jinsi yule mlaji anavyonunua, kwa bei gani, na kwa nini analipa zaidi kwa kakao iliyovundikwa vizuri? Waya ni ule ule. Lakini maarifa yanatiririka upande mmoja kuliko mwingine.

Badala yake, kinachomfikia kijana wa kijijini haraka zaidi ni tangazo la "jifunze kutajirika kwa wiki mbili", lipia kwanza kwa simu. M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008 ilirahisisha kulipa ada, na ikarahisisha pia kutapeliwa. Wale wa shahada za mtandaoni nao wajue kwamba chuo cha nje kisichotambuliwa na TCU kinaweza kukupa karatasi nzuri ambayo mwajiri ataitazama tu na kukurudishia.

Lugha nayo ni kikwazo tunachokizungumza kwa aibu. Kozi nyingi kubwa za bure mtandaoni ni za Kiingereza. "Mtu ni Afya" ilifika kwa watu milioni 2 kwa sababu ilisema nao kwa lugha wanayootea ndoto.

Lakini nisiwe mtu wa kulalamika tu. Yapo mambo mawili yanayonipa moyo. La kwanza: vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya Agosti 2022 viligawiwa walimu wa shule za serikali, na mafunzo endelevu ya walimu kazini, MEWAKA, yanatumia mtandao pamoja na vikao vya walimu wenyewe hapo hapo shuleni, vinavyoitwa jumuiya za ujifunzaji. Umeona? Ni kikundi cha redio kimerudi, kimevaa nguo mpya. Mtu wa karibu yupo.

La pili ni zito zaidi. Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba wasichana walioacha shule kwa ujauzito wanaruhusiwa kurudi. Wengine hawawezi kukaa tena dawati moja na wadogo zao, wana watoto wa kunyonyesha. Kwa hao kuna njia mbadala ya sekondari kupitia Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ile ile ya "Mtu ni Afya". Msichana wa miaka 18 mwenye mtoto, aliyeko kijiji cha mbali na kituo, ndiye kipimo halisi cha elimu ya mtandao katika nchi hii. Kama somo linamfikia nyumbani, kama kuna mtu wa kumwelekeza anapokwama, na kama mwisho wa safari kuna mtihani na cheti kile kile cha wenzake, basi tumejenga kitu. Kama linamfikia yule tu ambaye tayari ana shule nzuri jirani, basi tumempa aliyeshiba sahani ya pili.

Kwa hiyo wadau, siku nyingine mtu akija na programu mpya ya masomo, amevaa suti na ana maonyesho ya picha, msimuulize kwanza kuhusu spidi. Muulizeni: kiongozi wa kikundi ni nani, na analipwa na nani? Mwaka 1973 swali hilo lilikuwa na jibu Mbingu na kwingineko. Mimi naona hapo ndipo bajeti inapotakiwa kwenda sasa, kwa watu wa karibu, kabla ya kununua vifaa vingine.

Wale wenye wazazi waliokuwa walimu wa UPE au viongozi wa vikundi vya redio, wakaeni chini muwahoji wakiwa bado wapo. Wanajua mengi ambayo hayajaandikwa popote.

Nawasilisha.